Taa ya oili inayowaka mwendoni: kisa cha Noah ya Kibaigwa

Taa ya oili ikipepesa wakati injini ni ya moto na gari limesimama, fundi yeyote aliyekaa gereji muda mrefu atakuambia beringi zimechoka, na mara nyingi atakuwa sahihi. Ikiwaka gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, kisha ikazimika dereva anapopunguza mwendo, dalili zimegeuka chini juu na jibu hilo halifai tena. Noah ninayoieleza hapa ilikuwa imeshahukumiwa kufanyiwa ovaholi kwa jibu la beringi, wakati kila dalili yake ilikuwa inaelekeza kwingine.

Ni Toyota Noah ya zamani, SR40, yenye injini ya 3S-FE: petroli, lita 2, silinda nne. Injini hiyo imejaa hapa nchini kwa sababu ipo pia kwenye RAV4 za mwanzo, zile zilizoanza kutoka mwaka 1994. Mwenye gari ni mama mfanyabiashara wa Kibaigwa. Analeta Dodoma mjini madumu ya mafuta ya alizeti na magunia ya nafaka, na gari linarudi na bidhaa za duka. Dereva ni kijana wa dada yake. Kwa hiyo gari linaishi kwenye barabara ya Morogoro: Kibaigwa, Mbande, Chamwino, Mtumba, mjini, kisha njia ileile kurudi. Lami imenyooka, na dereva mwenye mzigo anakanyaga mafuta muda mrefu bila kuachia, mpaka aone kibao cha 50 cha kijiji kinachofuata.

Kibao hicho cha 50 ndicho kilichonifumbua macho.

"Shikamoo fundi," kijana aliniambia. "Taa ya oili inaniwakia nikiwa nakimbia. Nikiingia kijijini nikashusha mwendo, inazima yenyewe."

"Marahaba. Ukisimama kwenye foleni mjini, injini ikiwa ya moto, inawaka?"

"Hapana, pale haiwaki."

"Na asubuhi unapowasha?"

"Asubuhi inachelewa kuzima. Zamani ilikuwa inazima papo hapo. Tangu tuweke oili nzito, na baridi hii ya Julai, inakaa kidogo ndipo inazima."

Majibu hayo matatu yalikuwa na thamani kuliko vifaa vyote vilivyokuwa vimeshabadilishwa. Gari lilikuwa na historia. Miezi kadhaa nyuma sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa inavuja, ikafunguliwa na kufungwa upya kwenye gereji moja njiani. Baadaye taa ikaanza. Ikabadilishwa swichi ya oili, taa ikaendelea. Oili ikabadilishwa kutoka nyepesi kwenda 20W-50, taa ikaendelea, na ikaongeza tabia ya kuchelewa kuzima asubuhi. Mwisho mama akaambiwa injini imechoka, atafute pesa ya ovaholi au anunue injini nyingine ya mtumba. Hakuna mahali popote kwenye safari hiyo ambapo mtu alifunga geji akapima presha yenyewe.

Kabla ya kuingia kwenye vipimo, kuna jambo moja ambalo bila kulielewa huwezi kuchambua tatizo lolote la presha. Pampu ya oili haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha inapatikana pale oili inayosukumwa inapokutana na njia nyembamba: uwazi mdogo kati ya beringi na krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na kati ya kamshafti, mhimili unaofungua vali, na sehemu unazolalia. Kwa hiyo presha inapotea kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni oili kutoka kirahisi mno upande wa mbele, yaani beringi zimelika na uwazi umepanuka. Ya pili ni oili kutoifikia pampu vya kutosha, yaani tatizo liko nyuma yake, upande wa kunyonya.

Namna hizi mbili hazifanani hata kidogo ukizitazama kwa mwendo wa injini. Beringi zilizolika zinaonekana injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, tena ikiwa ya moto. Hapo pampu inazunguka taratibu na oili imekuwa nyepesi, inachuruzika kirahisi. Ukipiga resi pampu inasukuma oili nyingi zaidi, presha inapanda na taa inazima. Upande wa kunyonya ukiziba mambo ni kinyume. Kwenye sailensi pampu inataka oili kidogo, na kidogo hicho kinapita. Ukikanyaga mafuta pampu inataka oili nyingi, njia haitoshi, pampu inaanza kuvuta utupu na presha inaporomoka. Ni kama kunywa uji kwa mrija ulionasa chenga: ukivuta polepole unapata, ukivuta kwa nguvu mrija unabanana na hupati kitu.

Sasa rudi kwenye maneno ya kijana. Taa inawaka kwenye mwendo, inazima kwenye 50, haionekani kabisa kwenye foleni. Asubuhi ya baridi, oili nzito ikiwa imeganda kidogo, taa inachelewa kuzima kwa sababu oili nzito ni ngumu zaidi kunyonywa. Kabla sijagusa spana, nilikuwa nafikiria ndani ya sampu.

Lakini kufikiria siyo kupima, na mama alikuwa ameshapoteza pesa kwa makisio ya watu wengine.

Tulianza na vitu rahisi. Oili ilikuwa imefika kwenye alama, rangi nyeusi ya kawaida, bila maji na bila harufu ya petroli. Petroli ikivujia kwenye oili inaifanya nyepesi na kushusha presha, kwa hiyo kunusa kijiti cha oili ni kipimo halali kabisa. Baada ya hapo waya wa swichi. Swichi ya oili kwenye Toyota hizi ina waya mmoja. Presha ikiwa haipo, swichi inaugusisha waya huo na bodi, taa inawaka. Presha ikifika, inauachia. Maana yake waya uliochubuka ukagusa chuma utawasha taa hata kama presha ni nzuri, na mtikisiko wa mwendo unaweza kufanya hivyo barabarani tu. Tulichomoa waya kwenye swichi, ufunguo wa gari ukiwa umewashwa: taa ikazima. Tukaufuatilia na kuutikisa urefu wake wote, taa haikupepesa. Waya ulikuwa mzima.

Kisha geji. Unafungua swichi, unafunga geji ya mkono kwenye tundu lilelile. Nyuzi za tundu hilo kwenye Toyota ni zile nyembamba za moja ya nane ya inchi, zilizochongoka, na mtu akilazimisha adapta ya nyuzi nyingine ataharibu tundu na kujiongezea kazi. Napima kwa PSI, kipimo kilekile cha upepo wa tairi, kwa sababu mwenye gari naye anakielewa. Kwa injini hii kiwanda kinataka, injini ikiwa ya moto, angalau 4.3 kwenye sailensi, na kati ya 36 na 71 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Watu wengi hushangaa jinsi kiwango cha sailensi kilivyo kidogo. Ndiyo sababu nakataa injini kuhukumiwa kwa sababu tu mshale uko chini wakati gari limesimama.

Na ile taa je? Swichi za aina hii zinawasha taa presha ikishuka chini ya takriban PSI 3 hadi 7. Hebu fikiria maana yake kwa kijana yule: kwenye mwendo ambao injini inatakiwa kuwa na 36 na zaidi, ilikuwa inabaki na chini ya 7, konrodi, zile fimbo zinazounga pistoni na krenki, zikizunguka kwa kasi na mzigo mgongoni. Taa ya oili haikuonyi kwamba presha inashuka. Inakuambia imeshaisha. Taa hiyo ikiwaka mwendoni, unatoka barabarani na kuzima injini hapo hapo, iwe ni Mbande au katikati ya pori. Nilimwambia hivyo kijana mbele ya mama yake mdogo, na nilimaanisha.

Geji ilisema hivi. Gari lililala gerejini, tukaliwasha asubuhi likiwa la baridi kabisa: mshale ulichelewa kuondoka kwenye sifuri, kisha ukapanda mpaka 60. Tukaliacha lipate moto, feni ikazunguka na kuzima mara mbili. Kwenye sailensi ya moto tulisoma 12, karibu mara tatu ya kiwango cha chini cha kiwanda. Oili ya 20W-50 ilikuwa inasaidia hapo, lakini hata ukiondoa msaada wake, hiyo siyo injini iliyokufa beringi. Tukapandisha mpaka 2,000: presha 30, mshale umetulia. Tukapandisha mpaka 3,000: ikafika 34, na mshale ukaanza kutetemeka. Tukashikilia mizunguko hiyohiyo bila kuachia. Mshale ukaanza kuteremka wenyewe, 28, 22, 17, ukiwa bado unatetemeka. Hatukuuacha ufike chini zaidi. Tuliporudi sailensi ulisoma 8, kisha taratibu ukarudi 12.

Beringi haziwezi kukupa picha hiyo. Uwazi wa beringi haupanuki kwa dakika moja kisha ukajirudisha. Kinachopungua na kurudi ni oili inayofika kwenye pampu.

Hata hivyo zilibaki sababu nne zinazoweza kuleta kitu kinachofanana na hicho, na sampu ya gari hili siyo kitu cha kufungua kwa kubahatisha. Injini ya Noah hii iko chini ya siti za mbele, imebanwa, na kila kitu cha chini kinataka muda. Sababu ya kwanza ni stena, lile chujio la wavu lililo mdomoni mwa bomba la kunyonyea. Ya pili ni gasketi ya bomba hilo, pale linapofungwa kwenye pampu: ikipasuka, pampu inavuta hewa pamoja na oili. Ya tatu ni njia za kurudishia oili kutoka kwenye silinda hedi: zikijaa tope, oili inabaki juu injini ikikimbia na sampu inakauka. Ya nne ni vali ya kupunguza presha iliyo ndani ya pampu, ambayo inaweza kunasa ikiwa wazi.

Kwa njia za kurudishia, jaribio ni la bure. Tulimwambia kijana aendeshe mpaka injini ipate moto vizuri, bila kufika mwendo wa kuwasha taa, azime na kupima oili papo hapo, kisha apime tena baada ya oili kutulia. Tofauti ikiwa kubwa, oili imenasa juu. Hapa ilikuwa ndogo, ile ya kawaida. Kwa gasketi ya bomba tulitumia mbinu ambayo sioni ikitumika sana, na ni nzuri mno: tuliongeza oili karibu lita moja juu ya alama, kwa muda wa jaribio tu. Oili ikipanda, inafunika ile sehemu inayovuta hewa, na presha inakuwa nzuri ghafla. Haikubadilika. Mshale uliteremka vilevile. Oili iliyozidi tukaitoa mara moja, kwa sababu krenki ikiipiga itatoka povu, na povu halilainishi kitu. Vali ya presha nayo, ingekuwa imenasa wazi muda wote, isingetupa 60 asubuhi. Sikuiondoa kabisa kwenye hesabu, ila niliiweka mwisho.

Ikabaki stena, na sasa tulikuwa na haki ya kufungua.

Hapo kijana alileta ushauri aliopewa stendi: kwamba tumwage oili, tuweke dizeli, injini ingurume kidogo, uchafu utoke wenyewe. Ushauri huo umeenea sana na nataka niupinge kwa nguvu zangu zote, hasa kwenye gari lenye dalili kama hizi. Dizeli au mafuta ya taa yanabandua tope lililoganda kwenye kuta za injini, ni kweli. Lakini tope likibanduka linaenda wapi? Linateremka kwenye sampu, na mlango pekee wa kutoka kwenye sampu kwenda kwenye injini ni stena. Unachukua chujio lililoziba nusu unalimalizia. Tena unafanya hivyo wakati beringi zinazunguka juu ya kitu chepesi kisicho na uwezo wa kuzibeba.

Tulichokuta ndani ya sampu

Sampu iliposhuka, ukingo wake wote ulikuwa na silikoni. Kwa nje ilionekana kazi safi, haivuji tone. Kwa ndani utepe wa silikoni uliofinywa na boliti ulikuwa umening'inia kama sentimita moja, na sehemu kadhaa ulikuwa umekatika. Vipande vilivyokatika tulivikuta kwenye stena: vinyama vya silikoni vyenye rangi ya kijivu, vimelala juu ya wavu, na tope jeusi limejaza nafasi kati yake pamoja na nyuzi za kitambaa cha kufutia. Zaidi ya nusu ya wavu ilikuwa imefungwa. Injini ikizimwa, baadhi ya vipande vinaachia na kudondoka. Pampu ikivuta kwa nguvu, vinarudi kubana. Ndiyo maana gari lilikuwa linapona kila likipumzika, na ndiyo maana watu walidhani ni swichi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu gari hili liliumwa na kazi iliyokusudiwa kuliponya. Sampu ya 3S haikutoka kiwandani na gasketi ya kukata. Ilifungwa kwa silikoni, kwa hiyo kutumia silikoni siyo kosa. Tatizo ni kiasi na namna. Kiwanda kinataka utepe wa milimita 3 hadi 5 tu, uzunguke kwa ndani ya matundu ya boliti, na sampu ifungwe ndani ya dakika chache kabla silikoni haijaanza kukauka. Nyuso zote mbili ziwe zimekwanguliwa silikoni ya zamani na kufutwa mpaka zikauke, bila oili hata kidogo. Fundi anayeogopa kuvuja anaongeza silikoni, na ninaielewa hofu hiyo, maana mteja akirudi na tone la oili chini ya gari ni aibu. Lakini silikoni inayoziba ni ile iliyobaki katikati ya vyuma viwili. Iliyotoka nje haizibi kitu, na iliyotoka ndani inasubiri kukatika. Ukiona fundi anaminya tyubu nzima kwenye sampu moja, msimamishe kwa heshima kabla hajafunga. Na vitambaa: afutie kitambaa kisichotoa nyuzi.

Tope lenyewe lilikuwa na asili yake. Filta ya oili tuliikata tuone ndani, kwa mkasi wa bati, siyo msumeno, maana msumeno unaongeza chenga zake mwenyewe. Karatasi ilikuwa imejaa na kuvimba. Filta ikifika hapo, vali yake ya pembeni inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, ambayo ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa, lakini uchafu wote unazunguka. Vali ya kupumulia injini, ile inayorudisha moshi wa kwenye krenki kwenye manifodi, ilikuwa imekwama pia. Ikikwama, mvuke na moshi vinabaki ndani na kugeuza oili kuwa tope mapema. Filta ya hewa ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Barabara kuu ni lami, lakini mzigo unapakiwa vijijini, na upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi mnaujua.

Swali lililokuwa linanisumbua kuliko yote: ile kasi ya bila presha imeacha jeraha gani? Chenga kwenye karatasi ya filta tulizipitisha sumaku. Chache zilishikwa. Nyingine, ndogo, zenye mng'ao wa fedha, hazikushikwa. Hizo ndizo za kuogopa, kwa sababu nyama laini ya beringi haishikwi na sumaku. Hazikuwa nyingi, lakini zilitosha kunizuia nisirudishe sampu na kumwambia mama gari limepona.

Faida ya sampu kuwa chini ni kwamba kofia za konrodi unazifikia bila kushusha injini. Tulizifungua moja moja, kila moja ikirudi mahali pake na upande wake. Beringi zilikuwa na mikwaruzo mirefu, na kwenye mbili kati ya nne mng'ao wa asili ulikuwa umepotea kwenye nusu ya juu, inayobeba mgandamizo wa mlipuko. Tukapima uwazi kwa ule uzi wa plastiki unaowekwa juu ya krenki, kofia ikafungwa kwa toki renchi, ikafunguliwa, na upana wa uzi uliobanwa ukasomwa kwenye karatasi yake. Tulipata kati ya milimita 0.05 na 0.06. Injini ndogo za petroli nyingi zinaanza na 0.02 hadi 0.05, na ukikaribia 0.08 ndipo unaanza kuzungumza habari ya kubadilisha kila kitu. Krenki yenyewe tuliipima kwa maikromita kwenye shingo zote nne, kila moja kwa pande mbili: ilikuwa duara, haijachongoka, na ukucha haukukwama popote ulipopitishwa.

Hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Krenki ikiwa imekwaruzika lazima itoke, ipelekwe kuchongwa, na zinunuliwe beringi nene zaidi, za saizi ya 25 au 50, na hapo ile ovaholi waliyomwambia mama ingekuwa kweli. Kwa hali hii tuliweka beringi mpya za konrodi za saizi ya kawaida. Tahadhari moja kwa wanaonunua: Toyota wanagawa hata saizi ya kawaida kwa alama za namba, 1, 2 na 3, zenye unene tofauti kidogo sana. Ukiona namba kwenye konrodi yako, nunua namba hiyo. Duka likikuambia zote ni sawa, tafuta duka jingine.

Pampu tuliishusha, kwa kuwa inaendeshwa na taiming belti na belti yenyewe ilikuwa imefikia kubadilishwa. Tulipima uwazi wa meno yake kwa fila geji: ulikuwa chini ya milimita 0.20, ambao ndio ukomo. Uso wa kifuniko ulikuwa na mikwaruzo midogo ya uchafu, ya kuvumilika. Vali ya presha ilikuwa inateleza vizuri kwenye tundu lake baada ya kuoshwa, springi haijavunjika. Mama aliuliza kama ni vema kuweka pampu mpya kabisa. Nilimwambia, "Mama, pampu hii ni nzima, na pampu ya asili iliyopimwa naiamini kuliko mpya ya bei rahisi ambayo hatujui imetoka wapi. Pesa hiyo weka kwenye filta nzuri." Alikubali. Gasketi ya bomba la kunyonyea ilibadilishwa, stena ikaoshwa mpaka ukiishika kwenye jua unaona kila tundu.

Wakati wa kufunga kuna hatua ambayo wengi wanairuka, na inaua beringi mpya siku ya kwanza. Pampu ikishushwa inakuwa tupu, na pampu tupu inaweza kushindwa kuvuta. Tuliijaza oili safi kabla ya kuifunga, tukajaza na filta, tukapaka oili kwenye kila beringi. Sampu ikapata utepe wake mwembamba na kuachwa ikauke kabla ya kumwaga oili. Kisha tukachomoa fyuzi ya EFI, mfumo wa kupulizia petroli, ili injini isiwake, tukapiga stata kwa vipande vifupi mpaka geji ikaonyesha presha. Ndipo fyuzi ikarudi.

Oili tuliyoweka ni 10W-40, na hapa palikuwa na mjadala. Kijana alitaka 20W-50 irudi, kwa kuwa kila mtu anasema gari la zamani linataka oili nzito. Namba ya mwisho inahusu oili ikiwa ya moto. Kwenye nyuzi 100, oili ya 50 inaruhusiwa kuwa na uzito wa 16.3 hadi 21.9 kwa kipimo cha sentistoki, ya 30 ni 9.3 hadi 12.5, na ya 40 iko katikati. Ni kweli 50 itakupa mshale wa juu zaidi kwenye sailensi. Lakini mshale wa juu siyo lengo. Lengo ni oili kufika kwenye beringi mapema na kwa wingi. Kwenye injini ambayo uwazi wake umepimwa na uko ndani ya kiwango, oili nzito inachelewa asubuhi, na asubuhi ndipo ulaji mwingi wa vyuma unapotokea. Oili nzito inayotumika kuzima taa bila kupima inaficha ugonjwa. Kwa gari hili iliuongeza.

Geji baada ya kazi: asubuhi ya baridi mshale uliruka mara tu injini ilipowaka. Sailensi ya moto 11, ikiwa na oili nyepesi kuliko ya mwanzo. Mizunguko 2,000, 35. Mizunguko 3,000, 47, na tuliposhikilia haikusogea wala kutetemeka. Niliondoka nayo mwenyewe kwenda Chamwino na kurudi, geji ikiwa imefungwa bado na bomba lake limepitishwa mpaka ndani, na kwenye ule mnyooko wa mwendo mkali mshale ulibaki palepale. Gharama yote, pamoja na taiming belti, haikufika robo ya ovaholi aliyotajiwa.

Tulikubaliana oili hiyo ya kwanza imwagwe mapema, baada ya kilomita 1,000, ili itoke na mabaki ya uchafu. Gari liliporudi tulikata filta yake. Kulikuwa na tope kidogo, vipande viwili vidogo vya silikoni ya zamani, na hakuna chenga za fedha.

Beringi za meni, zile zinazoshika krenki yenyewe kwenye bloku, hatukuzigusa. Kuzifikia zote kwa uhakika kunataka injini ishuke, na presha ya 11 kwenye sailensi ya moto haikunipa sababu ya kumtoza mama kazi hiyo. Sizijui zilivyo ndani, kwa hiyo nimemwachia kijana utaratibu: kila sevisi, kabla ya kumwaga oili, tunafunga geji injini ikiwa ya moto na kuandika namba mbili kwenye daftari la gari, ya sailensi na ya 3,000. Ya sailensi ikianza kuteremka kuelekea 6 huku ya 3,000 ikibaki nzuri, meni ndizo zinazozungumza, na mama atakuwa na muda wa kujipanga. Ya 3,000 ikiteremka kwanza, tunashusha sampu tena.